Kioo Kilichotazama Dari

Ukipita saluni ya jirani yangu siku yoyote, ukakaa chini ya drai ukajifanya umesinzia, utasimuliwa habari za mapenzi yangu. Hutaulizwa kama unataka. Msusi huanza akiwa na kitana mdomoni, na mpaka nywele zako zikauke utakuwa umejua kwamba mjini hapa yupo mwanamume mrefu, mkimya, mwenye macho ya huzuni na moyo wa chuma. Mnyonya damu wa kike, mzuri kuliko wanawake wote waliowahi kupita barabara hii, alimpenda mpaka akakosa raha. Mwanamume yule hakumtupia hata jicho. Ubaridi wake ndio uliomchoma yule mwanamke, jioni baada ya jioni, mpaka akasahau njaa yake. Wanawake chini ya drai huguna kwa uchungu. Wengine, nasikia, hulia.

Mwanamume huyo ni mimi. Urefu wangu ni wa kuegemea kaunta bila kuinama. Macho yana huzuni kwa sababu ya vumbi la kioo, na ningenunua dawa yake kama ningeweza kumtazama muuza dawa nikamwambia ninachotaka. Kuhusu moyo wa chuma, sina la kusema. Hadithi aliitoa mke wangu, na mke wangu ndiye mnyonya damu mwenyewe, kwa hiyo huwezi kusema imetoka kwa mtu asiyekuwepo. Alikuwepo. Shida ni kwamba mimi sikujua kama yupo.

Nitaeleza.

Mimi ni fundi vioo. Kazi hii niliirithi kwa baba, pamoja na almasi yake ya kukatia, pimamaji lake, na usemi wake kwamba kioo kikikaa upande, aliyekaa upande ni fundi. Nilimaliza la saba nikaingia dukani, na sikuona sababu ya kutoka. Mtaa unaniita Fundi Kimya. Tangu utotoni, mtu akinikazia macho, maneno yangu hutawanyika kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe. Yanabaki mawili matatu, tena yale yasiyofaa.

Kwa bahati kazi yenyewe ilinipa njia. Kwenye ukuta wa ndani wa duka nilitundika kioo kikubwa kinachoona mlango, nikaweka meza yangu mbele yake. Nafanya kazi mgongo ukielekea barabarani. Mteja akiingia namwona kwenye kioo, naongea na kivuli chake, kivuli kinanijibu, tunaelewana. Uso wa mtu ndani ya kioo hauna makali. Nimeuza vioo namna hiyo maisha yangu yote ya utu uzima. Hasara yake ni ndogo: mtaa mzima naujua kinyume. Niliwahi kubishana na dada yangu kwamba kovu la mchinjaji liko shavu la kushoto. Liko la kulia, na watu wote wanajua.

Dada yangu huyo ni mkubwa wangu, na tunaishi pamoja tangu alipofiwa na mume. Maneno ya ukoo wetu alirithi yeye. Hodi ikibishwa nyumbani kwetu, anajibu "Karibu!" kabla mtu hajakunja kidole. Anamkaribisha muuza mkaa, anamkaribisha mbuzi wa jirani, na siku moja aliukaribisha upepo uliogonga dirisha, akauliza mbona hauingii. Kwa hiyo neno hilo mimi sikuwahi kulihitaji. Dukani nina kibao, upande mmoja kimeandikwa TUMEFUNGUA, upande wa pili TUMEFUNGA. Jioni nakigeuza, na akitokea mteja aliyechelewa namsomea. "Tumefunga." Hiyo ndiyo hotuba yangu ya kila siku.

Sasa, mnyonya damu ana sheria. Hawezi kuingia nyumba ya mtu mpaka mwenye nyumba amkaribishe. Wazee wa wanyonya damu walioitunga sheria hiyo sijui walikuwa wanaishi na watu gani. Kwetu mtu akibisha hodi anakaribishwa na aliye jikoni, aliye kitandani na aliye chooni, wote kwa pamoja. Yule mwanamke alipohamia mtaani, akiwa na begi moja na mwavuli mweusi asioufunga hata siku ya mawingu, alikuwa ameshakaribishwa nyumba zote kabla hajafika alikopanga. Watu wakampa jina la Bi Mwavuli. Akapata kazi ya mapokezi kwenye gesti, zamu ya usiku, na kila alfajiri alipita machinjioni na kidumu. Alimwambia mchinjaji kwamba damu ni ya mbwa wake. Hana mbwa. Mchinjaji alimjazia kidumu na kumuulizia afya ya mbwa.

Jioni moja nilikuwa nakata kioo cha kabati, almasi ikateleza, nikajikata kidole. Fundi vioo asiyejikata ni muuza vioo tu. Bi Mwavuli alikuwa anapita kwenda kazini. Harufu ikamfikia. Kibao bado kilisema TUMEFUNGUA, na hiyo ikamtosha; akaingia dukani na nia ambayo mpaka leo, tukiwa tunakula, hapendi niitaje.

Akasimama nyuma yangu. "Habari ya jioni, fundi."

Nikainua macho kwenye kioo. Nikaona mlango, barabara, na kuku akivuka. Nikadhani ni redio, nikaitazama. Ilikuwa imezimwa.

"Fundi. Habari ya jioni."

Nikatazama tena kioo. Kuku alikuwa ameshavuka. Basi nikafanya anachofanya mtu aliyejikata na hana plasta karibu: nikatia kidole mdomoni nikakinyonya.

Hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, ndipo alipokwisha. Katika maisha yake marefu hakuwahi kuona kiburi cha namna ile. Wanaume humtazama mpaka wanagonga nguzo. Huyu hakugeuka, hakuitikia, na kama hiyo haitoshi, alisimama mbele yake akanywa damu yake mwenyewe, peke yake, bila kumwambia hata njoo tule. Alitoka pale njaa ameisahau.

Mimi nilikwenda nyumbani nikamwambia dada kwamba duka lina sauti.

"Sauti ya nani?"

"Ya mwanamke."

"Inasemaje?"

"Inasalimia."

Dada akaweka mwiko chini. "Ndugu yangu, sauti ya mwanamke ikikusalimia, mtu mwenye akili huiitikia. Kunywa maji ukalale."

Bi Mwavuli akarudi kesho yake, na jioni zilizofuata. Siku moja alikuja na viatu vya kisigino kwa makusudi, avigonge sakafuni. Nilimwaga dawa ya panya. Siku nyingine alijipaka manukato, nami nikadhani ni spiriti ya kufutia kioo imeharibika, nikaibadilisha. Saluni nzima hupiga makofi msusi akifika hapo: jinsi mwanamume yule alivyoijua thamani yake, jinsi alivyokataa kununuliwa kwa manukato.

Mwisho niligeuka. Puti ya kushikizia vioo ilikuwa imeniishia kwenye kopo la mezani, lingine lilikuwa kwenye rafu ya mlangoni, nikageuka kulifuata nikakumbana naye kifua kwa kifua. Nilikuwa na kipande cha kioo mkononi. Kilianguka.

"Hatimaye," akasema. "Leo nimeonekana."

Nikageuza shingo kutazama kioo kikubwa. Ndani yake alikuwepo mtu mfupi amenyoosha mikono mbele kama anayepima pazia, mbele yake hamna mtu. Nikamtazama yeye. Yupo. Nikatazama kioo. Hayupo. Sikuwa msomi, lakini vioo navijua, na kioo hakijawahi kunidanganya. Nikaelewa ni mtu wa aina gani.

Msusi husema nilimtazama kwa utulivu wa mwanamume asiyeogopa mauti. Sikukimbia kwa sababu mlango ulikuwa nyuma yake. Nikafungua mdomo kuomba msaada, na neno lililokuwa karibu na ulimi likatoka.

"Tumefunga."

Akacheka mpaka akaegemea rafu. Meno yake mawili marefu kidogo niliyaona hapo. Wanaume wengine, akaniambia baadaye, walilia, wengine walipiga magoti, mmoja alimwahidi ng'ombe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba muda wa kazi umekwisha.

Tangu siku hiyo alianza kuja jua likizama, kabla ya zamu yake. Alikaa juu ya sanduku la fremu akaongea. Mimi nilikata vioo. Na jambo la ajabu lilinitokea, ambalo halimo kwenye hadithi ya saluni kwa sababu halina manukato. Kila mtu mwingine nilimtazama kwa kupitia kioo. Huyu hakuwa na kivuli cha kuongea nacho. Nikitaka kumwona ilinibidi nigeuke nimtazame yeye, macho kwa macho, kama watu wengine wanavyotazamana. Mara ya kwanza nilitokwa jasho. Baadaye jasho likapungua.

Siku moja nilijikata tena, nikiwa namtazama yeye badala ya almasi. Akageuza uso ukutani haraka.

"Fundi, funga hicho kidole."

"Samahani."

"Usiombe samahani, funga. Hapo droo ya pili kuna plasta, nimeziona. Funga mara mbili."

"Una njaa?"

"Nimeshakula," akauambia ukuta, kwa sauti ya mtu aliyepita mlangoni pa ndugu wakati sufuria inapakuliwa. "Nina kidumu changu. Sili watu tena, nilishaacha. Lakini na wewe usinijaribu hivyo."

Nikafunga mara tatu. Akageuka.

"Unajua," akasema, "mimi sura yangu siijui. Nimeisahau. Mara ya mwisho kujiona nilikuwa na chunusi hapa, kidevuni. Bado ipo?"

Nikatazama. Nilitazama kwa makini, kama natafuta mkwaruzo kwenye kioo kipya.

"Haipo," nikasema.

Akakipapasa kidevu taratibu, kama anayehakikisha. Nadhani aliibeba chunusi ile miaka mingi sana.

Kama mambo yangebaki hapo, ningezeeka vizuri, mtu wa kutembelewa. Lakini msusi akaagiza kioo. Alitaka kikubwa, cha ukuta mzima, mbele ya kiti cha kusukia, ili mteja ajione toka kichwani mpaka magotini. Nikakikata, nikakisugua kingo, nikakibeba jioni aliyosema ana nafasi. Nikakuta nafasi yenyewe si nafasi: kwenye benchi wamekaa wateja wawili wanasubiri, na kwenye kiti amekaa Bi Mwavuli anasukwa.

Aliniona na kioo mkononi. Uso wake ukaganda. Hakuweza kuinuka, nusu ya kichwa ilikuwa mikononi mwa msusi.

Nikapanda stuli. Nikakiinua kioo, nikakilaza ukutani, na ndani yake nikaona saluni nzima: benchi, wateja wawili, kiti kitupu, na msusi amesimama nyuma ya kiti anasuka hewa. Vidole vinakwenda, vinapinda, vinavuta, na hakuna kitu. Kwa bahati msusi alikuwa amegeukia benchi, anasimulia talaka ya mtu, na wateja wanamtazama yeye mdomo. Nilikuwa na muda wa talaka ile tu.

Pimamaji la baba lilikuwa mfukoni. Sikulitoa. Skrubu za juu nikazikaza mpaka mwisho, za chini nikazilegeza nikapachika vipande vya mbao nyuma ya ukingo wa chini. Kioo kikainua uso kama mtu anayeomba mvua. Kilipotulia kilikuwa kinaonyesha taa, waya wa taa, na dari.

Msusi akamaliza talaka, akageuka.

"Fundi Kimya."

"Naam."

"Hiki kioo kinamsuka nani? Dari?"

Wateja wa benchini wakaanza.

"Labda anataka buibui nao wapendeze!"

"Mteja akitaka kujiona alale chali, msusi akae juu ya feni."

"Fundi, shuka kwenye stuli, labda wewe ndiye uliyepinda!"

Nilishuka. Nikakitazama. Ilikuwa kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya, na niliifanya kwa ustadi mkubwa.

"Ndivyo kinavyokaa," nikasema, nikabeba stuli nikaondoka.

Katika hadithi, hapo msusi hushusha sauti: mwanamume yule aliitoa heshima yake kafara mbele ya watu, bila neno. Maneno sikuwa nayo. Na heshima yenyewe iliondoka kweli. Wiki nzima watu walisimama mlangoni kwangu. Mmoja alitaka kioo cha kumwona kunguru akiwa juu ya paa. Mwingine aliuliza kama natengeneza na madirisha ya kutazama chini ya kitanda. Mchinjaji, ambaye hana mzaha, alikuja kunipa pole, akidhani nina ugonjwa wa macho. Nilimtazama kovu lake kwenye kioo, shavu la kushoto, nikasema asante.

Bi Mwavuli alikuja jioni ileile, nywele zimekamilika.

"Umejiaibisha kwa ajili yangu."

"Skrubu zilikuwa fupi," nikasema.

"Fundi."

"Naam."

"Asante kwa skrubu."

Akagusa mkono wangu, ule wenye plasta. Mkono wake ni wa baridi, hilo msusi halikosei. Lakini na wangu ulikuwa wa baridi, kwa woga, kwa hiyo hatukupishana sana.

Baadaye akaja na habari mbaya. Msusi amechoka kutazama dari. Ameita fundi mwingine, wa mtaa wa pili, mtu mwenye drili ya umeme, aje keshokutwa akinyooshe.

"Nitahama," akasema Bi Mwavuli. Alisema kama mtu anayesema ataanua nguo. "Nimezoea. Watu wakishajua, kwanza wanakuja na maswali, halafu wanakuja na mapanga. Afadhali niondoke wakati bado wananiamkia."

Nikashika almasi nikaiweka chini. Nikaishika tena.

"Sema kitu," akasema.

Nikaipangusa almasi kwa shati.

"Basi nisikilize. Kesho jioni nitapita kwenu, nitabisha hodi. Mtaa huu wote umenikaribisha, mpaka nimechoka kukaribishwa na watu ambao hata hawajui wamesema nini. Wewe hujawahi. Hata dukani, unaniambia mmefunga. Nataka nilisikie neno hilo kwako wewe, mara moja, ukiwa unajua mimi ni nani. Ukilisema, nitabaki, na ya msusi tutayakabili wawili. Usiposema, naenda stendi moja kwa moja. Sitakulaumu."

Akachukua mwavuli wake. Mlangoni akageuka. "Ni neno dogo, fundi. Watoto wanalisema."

Siku iliyofuata sikuuza kitu. Niligeuza vioo vyote vinitazame, vya kabati, vya bafuni, vya mviringo, nikasimama katikati. "Karibu," nikasema. Mafundi wafupi kila upande wakaniambia karibu. Nikajaribu kwa tabasamu. Nikajaribu na mkono umenyooshwa. Lilikuwa linatoka vizuri ajabu. Mwanamke yeyote anayeishi ndani ya kioo angekuwa ameshaingia, amevua viatu, ameomba maji.

Nyumbani nikamwambia dada, "Leo hodi ikibishwa, usijibu."

"Nisijibu? Nimekufa?"

"Nijibu mimi."

Akanitazama kama mtu aliyeona kabati likipiga chafya. "Wewe?"

"Mimi."

"Ni mwanamke." Hakuwa anauliza. Akavua aproni, akavaa khanga nyingine, akakaa kwenye kiti cha jikoni akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Haya. Nimeziba," akasema kupitia vidole.

Nje kukaanza kuwa na rangi ya majivu. Nikasimama nyuma ya mlango. Nikasikia visigino.

"Hodi."

Nyuma yangu dada akatoa sauti kama birika. Aliinama, alijikunja, machozi yakamtoka. Miaka yote ya ukarimu ilikuwa inampanda kooni.

"Hodi," mara ya pili.

"KARIBU!" akalipuka dada. "Karibu ndani, karibu sana, pita! Nisamehe, ndugu yangu, limenishinda."

Nikafungua mlango. Bi Mwavuli alikuwa amesimama, begi lake moja miguuni. Kisheria alikuwa ameshakaribishwa, angeweza kuingia. Hakuingia.

"Asante, wifi," akasema. "Lakini hilo si langu."

"Wifi?" akasema dada. "Amesema wifi?"

Bi Mwavuli akanitazama mimi. Nami nikamtazama, kama nilivyojifunza, bila kioo. Nilimwona alivyoshika mpini wa mwavuli kwa nguvu. Mtu aliyeishi miaka asiyoitaja, anaogopa jibu la fundi vioo. Nikavuta pumzi. Neno nilikuwa nalo, nilikuwa nimelilalia na kuliamkia. Nikafungua mdomo, na yakatoka mazoea ya miaka yote ya jioni.

"Tumefunga."

Hakucheka safari hii. Aliinamisha kichwa kidogo, akabeba begi, akafungua mwavuli ingawa jua lilishazama, akaondoka.

"Tumefunga!" dada akapiga paja. "Nyumba inafungwa saa ngapi, wewe mtoto wa mama yangu? Kila siku namwomba Mungu akupe neno, amekupa, umetoa hilo! Mfuate! Unanitazama nini mimi, mfuate!"

Nilitoka bila viatu. Nasikia kwenye hadithi kulikuwa na mwezi, na upepo ulikuwa unapeperusha nywele zangu. Nina kipara tangu ujana. Nilipita kwa muuza mkaa, nikapita nyuma ya saluni, na kufika bombani nikamwona mbele, mwavuli unakwenda, na kati yetu foleni ya ndoo na wenye ndoo zao. Kupita nisingeweza. Na watu wote wale walikuwa na macho, na hapakuwa na kioo.

"KARIBU!" nikapiga kelele.

Foleni nzima ikageuka. "Asante!" wakajibu, kama ilivyo kawaida ya watu wenye adabu.

"Si nyinyi!" nikasema. Hilo lilikuwa neno la tatu tangu hodi ile, na tayari lilikuwa na utovu wa adabu.

Mwavuli ukasimama. Ukageuka. "Mimi?" akauliza.

"Wewe."

"Wapi?"

"Nyumbani. Kwetu. Karibu." Koo lilikuwa linakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. "Najua wewe ni nani. Karibu hivyohivyo."

Mama mmoja akaweka ndoo chini aone vizuri. Maji ya bomba yakawa yanamwagika hovyo, na hakuna aliyeyajali. Bi Mwavuli akaja polepole mpaka mbele yangu, akafunga mwavuli. Sikuwahi kumwona akiufunga nje.

"Umekanyaga kitu," akasema. "Mguu unatoka damu."

"Umekula?"

"Nimekula," akasema, akageuza uso pembeni, akanishika mkono. Nasema ukweli, ndiyo sehemu pekee ambayo msusi hajaiongezea chumvi.

Tuliporudi dada alikuwa ameshapika chai ya sufuria kubwa, kwa sababu watu watano wa foleni waliandamana nasi wakisema na wao walikaribishwa.

Asubuhi nilikwenda saluni na pimamaji kabla yule mwenye drili hajafika. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msusi anisamehe, aniruhusu nihamishe kiti, asiniulize kwa nini. Nilitazama sakafu nikaanza. Akanikatiza.

"Unadhani sijui?"

"Hujui nini?"

"Siku ya kwanza kumsuka nilimpa kioo cha mkononi ajione kisogo. Nikaona ukuta wangu na kalenda. Fundi, mimi nasuka vichwa, sisuki vivuli."

"Na hukuogopa?"

"Nimwogope yule? Kila kichwa nikimaliza kinakaa mbele ya kioo: huku umeacha, huku umekaza, huu mstari umepinda. Yule akimaliza kusukwa anasema asante. Ndiye mteja pekee niliye naye asiyelalamika. Halafu wewe ukaja kuniharibia ukuta."

Nikakinyoosha kioo. Povu la pimamaji likakaa katikati. Msusi akatazama, akaridhika, akasema fidia anataka kitu kimoja tu: asimuliwe mambo yote tangu mwanzo, na asimuliwe vizuri. Tulipooana nikamtuma mke wangu. Ndiyo maana mimi ni mrefu.

Watu hunitazama shingo. Hata wanaonunua kioo cha bafuni, macho yao hupanda kola. Hamna kitu. Aliniuliza mara moja, kwa heshima, kama ningependa kuumwa ili niishi milele kama yeye. Nikamuuliza, na dada? Akasema hata dada, tukitaka. Nikafikiria milele pamoja na dada. Nikamwambia bado.

Basi ninazeeka na yeye hazeeki, na ipo siku tutalizungumza hilo vizuri. Kwa sasa nina kazi nyingine. Kila jua likizama, kabla hajaenda gesti, anasimama mbele yangu, mikono pembeni, kama mteja wa msusi.

"Nikoje?"

Mtu niliyekuwa nasema neno moja kwa siku. Kioo hakiulizwi swali hilo, kinaonyesha kinanyamaza. Mimi lazima nitazame niseme, na akiona nimesema haraka anajua sikutazama.

"Umependeza," nasema.

"Hiyo ya jana. Nyingine."

"Umelala vizuri. Jicho halijavimba. Kitambaa kimekaa upande."

"Upande upi?"

Anainua mkono, anasubiri. Jikoni dada amenyamaza ili asikie.

"Kushoto," nasema. "Kushoto kwako."